Siti ya Chini: Mizigo, Baiskeli na Magoti ya Ujiji

Ukitaka kujua baiskeli ya Ujiji imepitia nini, achana na tairi na kengele, tazama siti. Nyingi kati ya zinazopita mbele ya kibanda changu zikitoka sokoni zimeshushwa siti mpaka chini kabisa, springi zinakaribia kulalia fremu. Mwenyewe akikanyaga, magoti yanapanda hadi usawa wa usukani na kutanuka nje, na kila pedeli inapofika chini goti linabaki limekunjwa. Mguu haunyooki hata mara moja kutoka Ujiji mpaka Mwanga.

Mimi ni fundi baiskeli, kama alivyokuwa baba yangu, na kazi hii imenifanya nisikie habari za magoti kuwashinda wauza dawa. Mtu huleta tairi lililopasuka, lakini kabla hajakaa kwenye benchi ameshashika goti. "Fundi, baridi yabisi itaniua." Huku goti huwa lina washitakiwa wake wa siku zote: upepo wa Ziwa Tanganyika, uzee, mpira uliochezwa ujanani, na kwa wengine jicho la jirani. Dawa nazo zinajulikana. Utachuliwa kwa mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, utaumikwa kwa chuku, utachanjwa chale mbili tatu kando ya pia ya goti. Sibishani na mise, mama yangu alinichua nayo. Ila kwa mwendesha baiskeli mimi huanzia kwenye bomba la siti, na bomba lile halikushuka lenyewe. Lilishushwa na mizigo, na habari ya mizigo ya huku ni ndefu kuliko habari ya baiskeli.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliukuta mji ukiwa tayari soko: pembe za ndovu, watumwa, chumvi ya Uvinza, samaki wakavu, mawese. Stanley akaja kumpata Livingstone mwaka 1871, na vitabu vikaishia kuwakumbuka wazungu wawili wakisalimiana chini ya mwembe. Waliowafikisha hapo hawana mwembe wao. Burton mwenyewe miguu ilimgomea kwa maradhi, akabebwa kwa machela sehemu kubwa ya njia, na mwenzake Speke macho yalikuwa yamezibika. Kwa hiyo ziwa hili "liligunduliwa" na mgonjwa wa miguu na mgonjwa wa macho, juu ya magoti mazima ya Wanyamwezi na watu wa pwani.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, na juu yake chungu, mkeka na chakula chake mwenyewe. Pembe kubwa ilizidi hapo. Kutoka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, miezi mitatu au zaidi ikiwa hakuna vita wala njaa njiani. Aliyebeba mzigo anajua kwamba mlima haumalizi goti kwa kupanda. Unalimaliza kwa kuteremka, paja linapozuia uzito wako na wa mzigo kwa pamoja kila hatua.

Mtu wa leo huuliza: kwa nini hawakutumia gurudumu? Walijaribu. Wamishenari wa London Missionary Society waliondoka pwani mwaka 1877 kuja Ujiji na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe njiani, na waliofika Ujiji mwaka uliofuata walifika kwa miguu na wapagazi. Kisha mwanzoni mwa 1885 akaja Annie Hore, mke wa mmishenari Edward Hore, pamoja na mtoto wake mdogo. Alikuwa ameletewa kiti cha magurudumu cha wagonjwa cha Kiingereza ili asafirie. Njia ile haikuwa na nafasi ya magurudumu, ikabidi wapagazi wamnyanyue yeye na kiti chake mabegani, na ndivyo alivyofika ziwani. Hata kiti cha magurudumu, basi, kilifika kimebebwa na mtu.

Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma, jirani na Ujiji, Februari 1914. Ikaua upagazi wa safari ndefu, lakini upagazi wa safari fupi ikauongezea kazi. Treni inaishia stesheni, ndiyo maana tunaitwa mwisho wa reli. Mawese yako vijijini, dagaa wako Kibirizi, ndizi na kahawa ziko juu Kalinzi na Manyovu, na kila kimoja lazima kifike stesheni, bandarini au sokoni. Kwa muda mrefu kilifika kichwani, au kwa mzega begani.

Huko Uingereza baiskeli ya magurudumu mawili karibu sawa, yenye mnyororo wa nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley mwaka 1885. John Dunlop akaja na tairi la upepo mwaka 1888. (Mpira wa matairi yale, sehemu yake, ulitoka ng'ambo ya ziwa letu, katika misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold, ambako waliopungukiwa na mpira wa kukabidhi walikatwa mikono. Ukoo wa mama yangu ni Wamanyema, kwa hiyo siwezi kuipita habari hii kimya.) Kwetu baiskeli zilianza kuonekana nyingi wakati wa Mwingereza: kwa makarani, makatekista, walimu, na wakulima waliokwisha uza mazao. Wahindi wa madukani waliziuza, na jina kubwa lilikuwa Raleigh ya Nottingham: nyeusi, gurudumu la inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, fremu nzito ya chuma.

Baiskeli ile ilitengenezewa mtu anayekwenda kazini kwenye barabara ya lami, mgongo wima, mzigo wake koti na chakula cha mchana. Huku ikafanywa mpagazi.

Fanya hesabu. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Madumu manne, mawili kila ubavu wa keria, ni kilo 70 na zaidi, yaani zaidi ya mizigo miwili ya mpagazi wa Burton, na bado mwenye baiskeli hajapanda. Mzigo huo unacheza. Barabara ina mchanga, ina makorongo, ina mbuzi. Baiskeli ikianza kulala upande, sekunde moja ndiyo ya kuokoa mawese ya watu, na kinachookoa ni nyayo mbili zilizofika chini kwa pamoja. Hapo ndipo siti iliposhuka. Mbeba mizigo alishusha siti ili akiwa amekaa aweze kusimama. Kwa kazi yake ilikuwa akili nzuri kabisa, na mimi mwenyewe nimeshusha siti nyingi za wauza mkaa na sijuti.

Mzigo ulimfanyia mwenyewe jambo jingine ambalo watu hawalioni. Gunia la mkaa likifungwa kwenye keria hupanda mpaka mabegani na kumsukuma dereva mbele. Hakai tena kwenye siti, anakaa kwenye ncha yake. Makalio yakienda mbele, goti nalo linaipita pedeli. Ukichukua timazi ya fundi mwashi ukaining'iniza kwenye pia ya goti wakati pedeli iko mbele, risasi yake inatakiwa ianguke karibu na katikati ya pedeli. Ya mbeba mkaa inaanguka mbele ya vidole.

Kule Goma, kaskazini yetu, wana chombo kinachonifurahisha sana: chukudu, baiskeli ya mbao ya mkaratusi isiyo na pedeli wala siti. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, na mahali pa goti hupigiliwa kipande cha ndala au cha tairi. Wamejengewa hata sanamu ya mwenye chukudu mjini. Sijaona chombo kingine ambacho aliyekibuni alilifikiria goti kwanza.

Basi siti ikawa chini kwa sababu ya mzigo. Ila mbona ilibaki chini hata kwa asiyebeba kitu? Hapo inabidi tuingie miaka ya shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Kigoma ilihamishia watu kwenye vijiji vya barabarani, na michikichi ya wengi ikabaki kwenye mahame, mbali na nyumba. Baiskeli ikawa ya lazima wakati uleule ilipoanza kuadimika. Tulikuwa na yetu wenyewe, Swala, ya kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam, lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kupata hata tairi kulitaka barua na kujuana. Watu walijaza nyasi ndani ya tairi badala ya mpira. Baba alisuka spoku kwa waya wa uzio.

Baiskeli moja ilikuwa ya nyumba nzima. Asubuhi baba anakwenda nayo kazini, mchana kijana anapeleka mahindi mashineni, jioni mjomba anaiazima aende msibani. Hakuna anayefungua nati ya siti kila saa, kwa hiyo ikawekwa kwa kipimo cha mfupi kuliko wote na mrefu akakunja magoti. Msimu wa mvua mmoja, miwili, bomba likashika kutu ndani ya fremu na halikutoka tena. Nimemimina mafuta ya taa kwenye mabomba ya namna hiyo, nimeyaacha yalale, nimeyapiga nyundo, na mengine nimeyakata kwa msumeno. Aliyekulia kwenye nyumba kama hiyo akija kununua baiskeli mpya, anaizoea siti aliyoikuta kwao. Mpaka leo mteja wangu akijaribu baiskeli akakuta vidole tu ndivyo vinagusa chini, husema ni ndefu, haimfai.

Baada ya 1986, biashara ilipofunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, zikaja Phoenix za China na baiskeli za India. Umbo lilelile la Raleigh, gia moja. Nimezihesabu meno: 48 mbele, 20 nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza baiskeli mita tano na zaidi. Kwenye tambarare ya Ujiji hiyo ni raha. Kwenye mwinuko wa barabara ya Lumumba kutoka stesheni kwenda Mwanga, unasukuma ukuta. Pedeli inazunguka polepole, na kila mkanyago paja linavuta pia ya goti na kuibana juu ya mfupa ulio nyuma yake. Goti likiwa limekunjwa sana, kama linavyokunjwa na siti ya chini, mbano huo unazidi. Sikulijua hilo shuleni. Tabibu wa viungo mmoja alilieleza akiwa amekaa kwenye benchi langu, akichora kwa kijiti mchangani, na tangu siku hiyo nikaacha kuwaambia wateja wavumilie.

Wakati sisi tunajaza nyasi kwenye matairi, California vijana walikuwa wanateremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za matairi manene, kwa kujifurahisha tu. Kutokana na mchezo huo, mwishoni mwa miaka ya 1970, kina Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey wakaanza kuunda baiskeli za milimani: gia nyingi na breki kali. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, walifika nazo kileleni Kilimanjaro, huku sehemu nyingine wao ndio wakizibeba baiskeli. Ritchey huyohuyo alikuja Rwanda katikati ya miaka ya 2000, akaona wakulima wa kahawa wanavyohangaika vilimani, na baiskeli ndefu za kubebea kahawa zikatengenezwa kutokana na safari ile. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana London kwenye Olimpiki, mbio za baiskeli za milimani, mtoto wa milima kama hii yetu ya kupakana na Burundi.

Kigoma baiskeli hizo zimefika kwa makontena ya mitumba. Sisi tunaziita za gia. Vijana wanazipenda, na siku za mapumziko utawaona wamekazana kupanda kutoka Mwandiga kuelekea Kalinzi, ambako hewa inabadilika na kahawa inaanza. Nao ndio wateja wangu wapya wa magoti.

Mmoja ni mwalimu wa sekondari. Alikuja kubadilisha waya wa breki, na nilipomwona anateremka kwenye ngazi ya duka la jirani kwa ubavu, nikamuuliza.

"Goti hili, fundi. Kupanda ngazi shida, na kwenye tahiyatu ndiyo kabisa. Nimeshachuliwa."

"Nionyeshe kwa kidole kimoja, mwalimu. Kimoja tu."

Huwa nasisitiza kidole kimoja, kwa sababu mtu akionyesha kwa kiganja hujajua kitu. Akaweka kidole mbele, chini kidogo ya pia. Magoti yote mawili. Nikamwambia apande, nikaiegemeza baiskeli ukutani. Siti ilikuwa chini kabisa, kama ya babu yake. Nikamwambia aweke kisigino kwenye pedeli, pedeli iwe chini. Kwa kipimo hicho mguu unatakiwa unyooke, ili ukirudisha nyayo ya mbele kwenye pedeli goti libaki na mkunjo mdogo. Wake ulikunjwa kama wa mtu aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikatazama gia za mbele: kubwa ilikuwa inang'aa kwa kutumika, ndogo ina kutu jino kwa jino.

"Hii ndogo huitumii?"

"Hiyo si ya akina mama?"

Gia ile ndogo ilikuwa na meno 28, na kubwa ya nyuma 28. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, mita mbili na kidogo. Chombo kilichobuniwa ili mlima usiguse goti kilikuwa chini ya miguu yake, naye alikuwa anaupanda mlima wa Kalinzi kwa gia ya Phoenix na siti ya mbeba mkaa bila hata dumu moja nyuma. Nilisafisha kutu, nikapandisha siti upana wa kidole, nikamwambia arudi ipande tena, maana ukiinua yote siku moja mapaja yanashtuka na mtu anahisi ataanguka. Nikamwagiza miguu izunguke upesi na kwa wepesi, mlima ukianza tu ashuke gia kabla hajaanza kuhema. Mvua zilipoanza alikuwa anakaa tahiyatu bila kukunja uso.

Si kila goti ni la siti ya chini. Aliyeinua mno, mpaka makalio yanacheza kushoto na kulia akikanyaga, huumia nyuma ya goti, kwenye kano. Mchuuzi mmoja wa dagaa wa Kibirizi alikuwa na maumivu ya goti la kulia peke yake, upande wa ndani. Goti moja likiuma na jingine zima, mimi hukagua upande ule wa baiskeli kwanza. Nilizungusha krenki taratibu nikaona pedeli inayumba, inachora duara dogo hewani. Ekseli yake ilipinda siku alipoanguka na tenga, na kotapini, ile pini inayoshika krenki, ilikuwa imelika, krenki inacheza. Kila mzunguko nyayo yake ilipinduliwa nje na kurudi, na goti, ambalo kazi yake ni kukunja na kukunjua, likawa linasokotwa. Kotapini mpya na pedeli, vyote viwili, vilikuwa na bei ndogo kuliko chupa za dawa alizokwisha nunua.

Na kuna magoti ambayo fundi hatakiwi kuyagusa. Goti lililovimba na kuwa la moto, linalokwama lisikunjuke, linalouma usiku ukiwa umelala, au linalomuuma mtoto mpaka anachechemea: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, usipite kwangu wala kwa mwenye chuku.

Mizigo mikubwa sasa imehamia kwenye pikipiki. Zilipoanza kujaa mwishoni mwa miaka ya 2000, madumu ya mawese yalizifuata, na waliobaki kubeba kwa baiskeli ni wauza mkaa, wauza ndizi na wenye matenga ya dagaa. Wao waache siti zao chini wakiwa na mzigo, wana sababu. Lakini wakirudi watupu, waipandishe. Na wewe mwenye baiskeli ya gia unayekwenda shule, kazini au Kalinzi kutembea, huna dumu la kuokoa. Wenzangu mafundi na mnaouza za makontena, msimkabidhi mtu baiskeli kabla hajakaa na kuweka kisigino kwenye pedeli mkimwona. Kwa nati nyingi za siti spana ni namba 13 au 14, na kazi yenyewe kwangu hailipiwi.